Neno Lipo, Kompyuta Hailioni: Utatuzi wa Matatizo ya Herufi Kubwa na Ndogo Unapotafuta Maandishi

Mwongozo huu umejengwa juu ya hitilafu ambazo hurudiwa kuelezwa na watu wanaohariri maandishi ya Kiswahili hapa Lamu: makatibu wa vikundi vya wavuvi wanaotunza kumbukumbu za mikutano, wanaoandika maelezo ya nyumba za Mji wa Kale, ambao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wanaonakili tenzi za zamani ili zisipotee. Programu wanazotumia ni mbalimbali (Word, LibreOffice na Google Docs za kuandikia nyaraka, na vihariri vya maandishi matupu kama Notepad++, VS Code, Sublime Text, nano, Vim na Emacs), lakini malalamiko yao yanafanana. Ama neno linaloonekana kwa macho halipatikani, ama yanapatikana maneno mengi yasiyotakiwa, ama kazi ya kubadilisha neno moja imeharibu mamia ya mengine.

Tatizo hili ni zito zaidi kwetu kwa sababu majina ya mahali petu yanafanana na maneno ya kila siku. Langoni ni mtaa, na langoni ni penye lango. Pate ni kisiwa, na herufi hizo hizo zimo katika "apate", "wapate" na "tupate". Shela ni kijiji, na shela ni vazi la bibi harusi. Jina la Lamu lenyewe limo ndani ya "salamu" na "kalamu", na Amu, kama wenyeji wanavyouita mji wao, imo ndani ya "hamu", "damu", "nidhamu", "kamusi" na "kuamua". Mara nyingi herufi kubwa ya mwanzo ndiyo alama pekee inayotenganisha jina na neno, na mhariri asiyejua kuitawala alama hiyo hufanya kazi gizani. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba unapotafuta ili usome, unaweza kuiacha programu isitofautishe herufi kubwa na ndogo. Unapobadilisha, itofautishe daima.

Kabla ya hatua yoyote, tengeneza nakala ya faili na uiweke pahali pengine, hata kama unakusudia kutafuta tu.

Dalili ya kwanza: neno linaonekana kwenye skrini, lakini programu inasema halipo

Sababu inayotokea zaidi ni kwamba kutofautisha herufi kumewashwa katika utafutaji uliopita na hakujazimwa. Programu nyingi hulihifadhi chaguo hilo hata baada ya kisanduku cha kutafutia kufungwa. Mtu aliyetafuta "Mkomani" asubuhi kwa kutofautisha, kisha jioni akatafuta "mkutano", hatapata "Mkutano" wala "MKUTANO" wa kwenye vichwa vya habari. Kagua kwa macho kwanza. Katika VS Code na Sublime Text, tazama kitufe chenye alama ya "Aa" kando ya kisanduku cha kutafutia. Kikiwa kimekolezwa rangi, kutofautisha kumewashwa, na Alt pamoja na C hukiwasha na kukizima (kwenye Mac, katika VS Code, ni Option, Command na C). Katika Notepad++, LibreOffice na Word, tafuta kisanduku chenye maneno "Match case" na uone kama kina tiki. Katika Word huenda ukalazimika kufungua utafutaji wa kina na kubonyeza "More" ndipo kisanduku kionekane. Katika nano, ukiwa kwenye mstari wa kuandikia neno unalotafuta, bonyeza Alt pamoja na C.

Sababu ya pili ni kwamba umeandika herufi kubwa katika neno unalotafuta, na programu yako imepewa desturi ya kulizingatia hilo. Emacs hufanya hivyo bila kuambiwa: ukitafuta "pate" kwa herufi ndogo tupu, hupata pate na Pate, ukiandika "Pate", hupata Pate pekee. Vim hufanya vivyo hivyo ikiwa `ignorecase` na `smartcase` zimewashwa kwa pamoja. Hii si hitilafu, na mimi naiona kuwa ndiyo desturi bora kwa anayehariri Kiswahili, kwa kuwa inamruhusu mwandishi kuamua kwa namna anavyoandika badala ya kukumbuka kitufe. Lakini asiyeijua hudhani programu imeharibika. Andika neno lote kwa herufi ndogo ujaribu tena. Likipatikana, umeipata sababu. Katika Emacs unaweza pia kubonyeza M-c (Alt pamoja na C) wakati utafutaji unaendelea.

Sababu ya tatu hutoka katika kuhama kutoka programu moja kwenda nyingine. Vim, ikiwa haijabadilishwa mipangilio, hutofautisha herufi. VS Code, Notepad++, Word, nano na Google Docs, zikiwa hazijabadilishwa, hazitofautishi. Aliyezoea moja akikaa mbele ya nyingine hupata matokeo asiyoyatarajia, na hakuna kilichoharibika. Katika Vim, andika `:set ignorecase` ili kuacha kutofautisha, au malizia neno lako kwa `\c` ikiwa unataka iwe hivyo kwa utafutaji huo mmoja tu, kwa mfano `/mkutano\c`.

Sababu ya nne ni chaguo jingine lililowashwa kando ya hilo. Kutafuta neno zima kutaficha "Lamuni" unapotafuta "Lamu". Kutafuta kwa ruwaza, yaani kwa alama zinazosimama badala ya herufi, kutaifanya nukta na mabano visomwe kama amri. Word ina mtego wake: ukiwasha utafutaji wa ruwaza unaoitwa "Use wildcards", kisanduku cha kutofautisha herufi hufifia na hakibonyezeki, na utafutaji wote hutofautisha herufi upende usipende. Ukiona kisanduku kimefifia, zima ruwaza kwanza. Vilevile tazama chini ya kisanduku cha kutafutia katika Word kama kuna maelezo ya mtindo, kwa mfano maandishi ya kukoza. Yakiwepo, Word inatafuta neno lenye mtindo huo pekee, na kitufe cha "No Formatting" huyaondoa.

Sababu ya tano haihusu herufi kubwa wala ndogo hata kidogo, ingawa husingiziwa mara kwa mara. Ni kile kitone cha juu katika "ng'ambo", "ng'ombe" na "king'ora". Kibodi hutoa kitone kilichonyooka, ambacho katika Unicode, yaani orodha ya namba za herufi zote, ni U+0027. Word, unapoandika, hukigeuza kuwa kilichopinda, yaani U+2019. Maandishi hayo yakinakiliwa kutoka Word na kubandikwa katika Notepad++, VS Code au Vim, hubaki na kitone kilichopinda, na ukitafuta "Ng'ambo" kwa kibodi hutapata kitu, uwashe au uzime kitufe chochote. Nafasi isiyokatika kati ya maneno mawili, ambayo ni U+00A0, huleta shida ile ile katika majina kama "Bwana Fulani".

Ukaguzi wa kutenganisha sababu hii na zile za juu ni mwepesi, na ningependa kila katibu aujue. Chagua neno lenyewe ndani ya waraka, linakili, kisha libandike katika kisanduku cha kutafutia badala ya kuliandika. Likipatikana lililobandikwa na lisipatikane uliloliandika kwa herufi zile zile kubwa na ndogo, tatizo liko katika alama zilizotumika kuandikia. Amua kitone kimoja kitakachotumika katika waraka mzima, kisha ubadilishe vingine vyote viwe hicho, ukithibitisha kimoja kimoja, kwa sababu kitone hicho hicho hutumika pia kama alama ya kunukuu.

Dalili ya pili: yanapatikana mengi mno

Mtu anatafuta "Pate" katika ripoti ya kurasa 60 na kupelekwa kwenye kila "apate" na "wapate". Hapa kwa kawaida kutofautisha herufi kumezimwa, na kukiwashwa sehemu kubwa ya kelele huondoka papo hapo. Kinachobaki hutokana na kutafuta vipande vya maneno: "Manda" itaendelea kupata "Mandazi" palipoandikwa mwanzo wa sentensi. Washa pia utafutaji wa neno zima. Katika VS Code na Sublime Text ni Alt pamoja na W, na katika Vim neno huwekwa kati ya `\<` na `\>`, kama `/\<Manda\>`.

Hata hivyo, kutafuta neno zima pekee hakutoshi kwa majina kama Langoni, kwa sababu "langoni" nalo ni neno zima. Hapo herufi kubwa ndiyo kinga iliyobaki, na hata hiyo haifiki mwisho, kwani sentensi inayoanza na "Langoni mwa ngome" ina herufi kubwa bila kuwa jina la mtaa. Hakuna programu inayoweza kukuamulia hilo. Pitia matokeo mwenyewe.

Wanaotumia ruwaza hukutana na sura nyingine ya tatizo hili. Mtu anaandika `[A-Z]` akikusudia herufi kubwa tu, na programu inampa ndogo pia. Katika VS Code na Notepad++ hali huwa hivyo kutofautisha kunapokuwa kumezimwa, na katika Vim huwa hivyo `ignorecase` inapokuwa imewashwa. Washa kutofautisha. Katika Notepad++ unaweza pia kuanza ruwaza kwa `(?-i)`, ambayo hulazimisha kutofautisha bila kujali kisanduku, na katika Vim tumia `\u` kwa herufi kubwa na `\l` kwa ndogo, kwa kuwa hizo haziathiriwi na `ignorecase`.

Dalili ya tatu: mpangilio haushiki, au hujirudia wenyewe

Katika Vim, amri ya `:set` hudumu hadi utakapofunga programu. Ili idumu, iandike katika faili la mipangilio, `.vimrc`, bila nukta pacha ya mwanzo. Ikiwa umekwisha kuiandika na bado hali inabadilika, huenda kiongezi fulani kinaibadilisha baada yako; `:verbose set ignorecase?` hukuonyesha thamani ya sasa na faili lililoiweka mara ya mwisho. Jambo jingine linalowashangaza wengi ni kwamba `smartcase` haifanyi kazi bila `ignorecase`, na hata zote mbili zikiwa zimewashwa, haihusiki unapobonyeza `*` juu ya neno. Kishale kikiwa juu ya "Langoni" ukabonyeza nyota, utapelekwa kwenye "langoni" pia. Andika mwenyewe `/\<Langoni\>\C`, ambapo `\C` kubwa hulazimisha kutofautisha.

Katika Emacs, kubadilisha `case-fold-search` (mpangilio wa kutotofautisha herufi) kwa `setq` huathiri faili lililo mbele yako tu. Tumia `setq-default` katika faili la kuanzia. Katika nano, weka `set casesensitive` ndani ya `.nanorc`.

Ikiwa tofauti iko kati ya kutafuta ndani ya faili moja na kutafuta ndani ya faili nyingi, jua kwamba hizo ni kazi mbili zenye mipangilio yake. VS Code ina mpangilio wa `search.smartCase` unaohusu utafutaji wa faili nyingi. Amri ya `grep`, inayotafuta ndani ya faili kutoka kwenye dirisha la amri, hutofautisha herufi mpaka uiongezee `-i`.

Dalili ya nne: umebadilisha neno moja na maandishi yameharibika

Hii ndiyo dalili inayoumiza, na ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Fikiria kumbukumbu za mikutano za miaka kadhaa ambamo makatibu waliotangulia waliandika Amu, na sasa kamati inataka iandikwe Lamu kila mahali. Katibu anafungua kisanduku cha kubadilisha, anaandika "Amu" juu na "Lamu" chini, na kubonyeza kitufe cha kubadilisha yote huku kutofautisha kukiwa kumezimwa. Katika kihariri cha maandishi matupu, "kamati iliamua" inakuwa "kamati iliLamua". "Nidhamu" inakuwa "NidhLamu", "salamu" inakuwa "salLamu", "damu" inakuwa "dLamu", na kila "Lamu" iliyokuwa sahihi inakuwa "LLamu".

Onyo: ukiona hivyo, usihifadhi faili. Bonyeza Ctrl pamoja na Z mara moja. Katika Word, VS Code na Notepad++ kubadilisha kote hutenduliwa kwa hatua moja. Katika Vim bonyeza `u`. Ikiwa kutendua hakujibu na bado hujahifadhi, funga faili bila kuhifadhi, kisha ulifungue upya. Ikiwa waraka umo katika Google Docs, ambayo hujihifadhi yenyewe, fungua historia ya matoleo na urejeshe lililotangulia.

Ikiwa umekwisha kuhifadhi na kufunga, rudi kwenye nakala uliyoiweka kando. Usijaribu kurekebisha kwa kubadilisha kinyume. Ni kweli kwamba "LLamu" inaweza kurudishwa kuwa "Lamu" na "lLamu" kuwa "lamu", lakini kichwa kilichokuwa "MKUTANO WA LAMU" sasa ni "MKUTANO WA LLamu", na ukikirekebisha kwa njia hiyo kitakuwa "MKUTANO WA Lamu". Programu haikumbuki tena ni "LLamu" zipi zilitoka katika "Lamu" na zipi zilitoka katika "LAMU". Taarifa ya herufi kubwa na ndogo ikishafutwa haimo tena ndani ya faili, na hakuna fundi atakayeitoa mle isipokuwa kwa kulinganisha na nakala ya zamani.

Njia salama ni hii. Washa kutofautisha, washa neno zima, kisha tafuta "Amu" bila kubadilisha chochote, na uyasome matokeo. Kutofautisha peke yake kutakuepusha na "hamu" na "iliamua", lakini si na "Amua" na "Amuru" zilizo mwanzoni mwa sentensi. Neno zima ndilo linalozizuia hizo. Ukiridhika, badilisha moja moja ukithibitisha kila mahali. Katika Vim amri ni `:%s/\<Amu\>/Lamu/gcI`, ambapo `c` huomba uthibitisho na `I` kubwa hulazimisha kutofautisha. Baada ya hapo fanya mzunguko wa pili kwa ajili ya vichwa: "AMU" kuwa "LAMU", tena kwa neno zima, kwani bila hilo "LAMU" zilizokuwapo zitakuwa "LLAMU". "Kiamu" na "Waamu" zitabaki kama zilivyo, na hivyo ndivyo inavyopasa.

Kuna uharibifu mwingine wa kimyakimya zaidi, unaohusu herufi za neno linaloingizwa. Unataka "baharia" iwe "nahodha". Katika Word, kutofautisha kukiwa kumezimwa, neno jipya hufuata mtindo wa lile lililopatikana: "Baharia" inakuwa "Nahodha", na "BAHARIA" inakuwa "NAHODHA". Emacs hufanya hivyo pia ukiandika maneno yote mawili kwa herufi ndogo, kwa sababu ya mpangilio wa `case-replace`. VS Code haifanyi hivyo isipokuwa umewasha kitufe cha "AB" kilicho kando ya kisanduku cha kubadilishia. Bila hicho, "Baharia" ya mwanzo wa sentensi itakuwa "nahodha" yenye herufi ndogo. Kwa hiyo aliyejifunza kazi hii katika Word asiichukulie kuwa kila programu itamtunzia herufi kubwa.

Dalili ya tano: katika maandishi ya Kiarabu, kitufe hakibadilishi lolote

Wanaonakili tenzi kwa herufi za Kiarabu huuliza kwa nini kuwasha au kuzima kutofautisha hakuleti mabadiliko. Herufi za Kiarabu hazina kubwa na ndogo, kwa hiyo kitufe hicho hakina la kufanya, na kama neno halipatikani, sababu iko kwingine.

Sababu ya kwanza ya kuangalia ni irabu. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo hutegemea fatha, kasra na dhumma, na kila moja ni alama inayojitegemea ndani ya faili. Ukitafuta neno bila irabu, programu nyingi hazitalipata lenye irabu. Word na LibreOffice zina machaguo ya kupuuza irabu na kashida (mstari wa kurefusha herufi), ambayo huonekana lugha ya Kiarabu ikiwa imewashwa katika programu.

Sababu ya pili ni kibodi. Wanaohitaji herufi za "pa" na "cha" mara nyingi hutumia mpangilio wa kibodi ya Kiajemi au ya Kiurdu, ambayo hutoa ye U+06CC na kafu U+06A9, wakati kibodi ya Kiarabu hutoa U+064A na U+0643. Katikati ya neno zile ye mbili hazitofautiki kwa jicho, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili kabisa. Ukaguzi ni ule ule wa kunakili neno kutoka ndani ya waraka na kulibandika katika kisanduku. Ukithibitisha kwamba faili lina mchanganyiko, usiusawazishe peke yako ikiwa ni nakala ya muswada. Muulize kwanza mwenye dhamana ya muswada huo, kwa kuwa tofauti ya herufi inaweza kuwa imewekwa kwa makusudi.

Lini uache na uite mtaalamu

Acha ikiwa ulibadilisha katika faili nyingi kwa pamoja na umekwisha kuzihifadhi. Usiendelee kuhariri, usinakili faili mpya kwenye diski hiyo, na umweleze fundi neno ulilotafuta, neno uliloingiza, na machaguo yaliyokuwa yamewashwa. Maelezo hayo matatu humwokolea kazi nyingi kuliko faili lenyewe.

Acha ikiwa waraka unahusu ardhi, mirathi, majina ya watu katika daftari rasmi, au jambo lililo mahakamani. Hapo hata kosa la herufi moja katika jina lina uzito, na marekebisho yanapaswa kufanywa na mwenye mamlaka ya waraka huo kwa kulinganisha na nakala iliyotiwa saini, mstari kwa mstari, bila kitufe cha kubadilisha yote.

Acha pia ikiwa baada ya kufungua faili unaona alama za maswali au miraba mahali palipokuwa na herufi za Kiarabu au kile kitone cha "ng'". Hilo ni tatizo la usimbaji, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa kama namba ndani ya faili. Kuhifadhi faili likiwa katika hali hiyo kunaweza kuzifuta herufi za asili kabisa. Lifunge bila kuhifadhi na umpelekee fundi faili lile la awali, si picha ya skrini wala maandishi uliyoyanakili kutoka humo.